Alfa Romeo Spider ya zamani: anza kukagua chini

Injini ya Spider, gari la michezo la Kitaliano lisilo na paa gumu, huishi kuliko bodi yake. Anayekimbilia kufungua boneti amekwisha kukosea. Mwenye busara hulala chini ya gari kwanza, tochi na sumaku mkononi.

Gari hili lilionyeshwa Geneva Machi 1966. Umbo lilitoka Pininfarina, kampuni ya Kitaliano ya kubuni magari, na mwanzilishi wake, Battista, alifariki Aprili mwaka huohuo. Lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo (cc) 1570 yenye kamshafti (shafti za kufungulia vali) mbili juu, kabureta mbili za Weber, gia tano, na breki za diski kwenye magurudumu yote manne. Kwa wakati ule hayo yalikuwa makubwa. Jina la toleo hilo la kwanza, Duetto, lilipatikana kwa shindano. Baadaye likaja toleo la 1750, lenye cc 1779, kisha 1300 Junior ya mwaka 1968. Zote hizo zina mkia wa mviringo, ambao kwangu haujapata mfano. Matoleo ya 1970 yakaja na mkia uliokatwa, na toleo la 2000, lenye cc 1962, likaanza mwaka 1971. Mwaka 1983 nyuma kukawekwa bawa la raba; sura ikasafishwa tena 1990, na uzalishaji ukakoma 1993.

Ukitaka kujua gari ni toleo gani, mkia peke yake usikuridhishe, kwa kuwa injini hubadilishwa. Soma namba ya injini: AR00536 ni 1600 (ile ya cc 1570), AR00548 ni 1750, AR00512 ni 2000.

Sasa kutu. Mihimili iliyo chini ya milango ina tabaka tatu za bati, na ndiyo inayobeba gari lisilo na paa. Bati la nje huweza kung'aa huku la kati limekwisha kuliwa. Inua gari kwa jeki, kisha fungua na kufunga mlango: ukikwama, bodi inapinda. Pitisha sumaku kwenye kona za chini nyuma ya magurudumu. Isiposhika, chini ya rangi kuna pati, yaani kijazio cha kufichia kutu. Inua zulia uguse sakafu. Maji ya mvua yanayoshuka kwenye turubai hutolewa na mirija midogo, nayo ikiziba, maji huishia ndani ya mihimili na sakafuni. Izibue kwa waya laini usio na ncha kali. Kazi ya dakika chache, ila wengi hawaijui.

Kwenye injini, bloku ni ya alumini na silinda zake ni za chuma, zimezungukwa na maji. Kwa hiyo kulanti (maji ya kupoza injini) yenye dawa ya kuzuia kutu ni lazima mwaka mzima. Maji matupu hula alumini. Gasketi ya hedi, kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, ina raba sita za mviringo kwenye matundu ya oili. Zikikakamaa, oili huingia kwenye maji: fungua kifuniko cha radieta uone kama kuna utando wa oili. Fundi akifungua hedi, apime kama silinda zimechomoza kidogo juu ya bloku. Zikiwa zimezama, gasketi mpya nayo haitadumu.

Gia ya pili ndiyo dhaifu, kwa sababu sinkro yake, pete inayolinganisha kasi za gia zinapoingia, huchakaa mapema. Giaboksi likiwa baridi, usilazimishe. Kanyaga klachi mara mbili unapobadilisha. Ikikwaruza hata baada ya giaboksi kupata joto, hiyo inataka kufunguliwa. Angalia pia kiungo cha raba mbele ya propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kikiwa na nyufa, utasikia mtikisiko unapoondoka, na kikikatika shafti hupiga sakafu.