Alimruka Nina akachagua panda

Jumamosi nilimpeleka mtoto wa kike wa dadangu kucheza gemu hapa Nakuru mjini, ako miaka 11, alikua amekuja likizo kutoka Kakamega na nilikua nimemuahidi tangu Disemba. Tukawekewa Tekken 7, ile gemu ya kupigana mmoja kwa mmoja. Ile skrini ya kuchagua mpiganaji ikafunguka, na mimi nikakaa vizuri nikingoja kuona atamchukua nani, maana mtu wa kwanza unayemchagua hakuachi. Akampita Nina, akampita Xiaoyu, akampita Lili, haraka haraka kama mtu anaruka mtaro, hadi akafika kwa panda. Panda! Nikamuuliza mbona huyo. Akasema bila kuniangalia, "Anti, nikichukua hao wasichana maboy wataanza." Wataanza nini? Hakunijibu, akabonyeza.

Nimebeba hayo maneno wiki nzima. Kwa wasiojua, kwa hadithi ya Tekken huyo panda ndiye mlinzi wa Xiaoyu, yaani mtoto wetu amemruka msichana akachagua mnyama anayemlinda msichana, na hakujua.

Na najua mahali ametoa hiyo hofu kwa sababu mimi pia nilipita hapo. Nilianza na Tekken 3, PS ile ya kwanza kabisa, kwa kibanda cha mabati Kaptembwo. Gemu moja shilingi 5, ukipigwa unaamka mwingine anakaa. Mlangoni kulikua na leso ndio jua lisipige skrini, na PS yenyewe ilikua imezeeka mpaka lazima igeuzwe tumbo juu ndio isome CD. Wengi walikua wa Eddy Gordo, unafinya mateke tu ovyo ovyo na mtu anaanguka. Mimi nilikua wa Nina. Nina ana zile kushika za kufuatana, unamnasa mtu mkono, kabla hajatoka unabonyeza ingine anavunjwa kiwiko, unabonyeza ingine bega linaenda, na ukikosea mpangilio hata kidogo anachomoka na unaanza upya. Nilikua nafanyia hiyo kitu mazoezi na vidole juu ya daftari mwalimu akifundisha. Siku niliyoimaliza yote bila kukosea kibanda kizima kilipiga kelele, hadi mama wa viazi karibu nje akainua leso kuona kama tunapigana.

Lakini kuna jamaa mmoja mkubwa, alikua amemaliza shule, yeye alikua na mchezo wake. Anna, dadake Nina kwa gemu, akirushwa hewani na lile gauni lake jekundu limepasuka hadi pajani, anasimamisha gemu hapo hapo, picha inabaki imeganda, wanaanza kusema mambo. Siku moja baada ya kusema ya Anna akageuka akaniangalia mimi, kutoka miguuni akipanda pole pole, akasema huyu bado lakini ataiva. Nilikua miaka 13. Niliweka padi chini nikatoka na sikurudi tena pale, na bro yangu akaendelea kwenda kila siku na mpaka leo hajawahi kuniuliza kwa nini niliacha.

Sasa nikiona watu wanabishana mtandaoni juu ya nguo za wanawake kwenye gemu za kupigana, mimi siwezi kusoma kama ni mambo ya mbali. Upande mmoja wanasema hawa wahusika wamechorwa kuridhisha wanaume, upande mwingine wanasema ni sanaa, kama hutaki usinunue, na kwani Zangief, yule mwanamieleka wa gemu ya Street Fighter, si amevaa chupi tu tangu 1991? Hiyo ya Zangief huwa inaletwa kila mara. Na ni kweli, Zangief ako nusu uchi. Lakini amechorwa mkubwa kama ng'ombe dume ndio mchezaji aogope mkono wake, hakuna siku kamera imeshuka ikakaa kwa makalio ya Zangief ikingoja. Mwanaume kwa hizi gemu anavuliwa shati ndio uone nguvu. Mwanamke anavuliwa ndio umwone.

Na mambo ya kamera situngi. Dead or Alive, gemu nyingine ya kupigana, ilipotoka 1996, kilichoitangaza sana ilikua vile matiti ya wanawake yanatikisika, hadi kwa menyu kulikua na mahali pa kuwasha na kuzima huo mtikisiko. Fikiria hiyo kazi. Kuna mtu alikaa ofisini akaandika hesabu ya titi lirukeje wakati mwanamke anapigwa ngumi. Gemu yenyewe ni nzuri, mfumo wake wa kuzuia pigo na kulirudisha ni wa akili sana, na hiyo ndio inaniuma, kwa sababu ukitaja Dead or Alive leo hakuna anayekumbuka mapigo.

Halafu kuna R. Mika wa Street Fighter V. Yeye ni mwanamieleka, kwa pigo lake kubwa alikua anajipiga kofi makalioni na kamera imeelekezwa pale pale. Mwisho wa 2015, kabla gemu haijatoka, Capcom, kampuni inayoitengeneza, wakabadilisha. Ukisikia kelele iliyopigwa ungedhani wamemfuta, wamemvisha gunia. Hawakugusa nguo yake. Kofi lenyewe bado anajipiga! Waliinua kamera tu, na msimamizi wa gemu, Yoshinori Ono, akaeleza kwamba hawakutaka kuwe na kitu cha kumfanya mtu ajisikie vibaya. Yaani watu walikasirika kwa sababu ya mahali pa kuangalia, na hapo ndio mimi nasema walijitaja wenyewe kile walichokua wanatetea.

Wacha niseme pia upande wangu vile hauko sawa, maana kuna watu wa kwetu wanaoniunga mkono na sitaki wanishike mkono. Wale wanaosema gemu hizi ni za shetani, zichomwe, wasichana wasiguse. Mama mmoja wa kanisani aliniambia kama hao wanawake wangevaa vizuri hakuna mtu angewasema. Nikamwambia hapana mama, hiyo ndio maneno iliyofanya wanawake wavuliwe nguo stejini hapa Kenya, na Novemba 2014 wanawake wakaandamana Nairobi kusema nguo yangu ni chaguo langu. Siwezi kuandamana na hao halafu nigeuke nimwambie Mai Shiranui, mpiganaji wa gemu anayejulikana kwa nguo ndogo, ajifunike. Mimi napenda Nina akiwa amependeza. Napenda lipstiki yake, napenda vile anatembea. Kuna wanawake wengi sana wanampenda Mai, wanamshonea nguo zake na kuzivaa kwa maonyesho, na hakuna aliyewalazimisha. Ni mwanamke kupenda kuonekana mrembo, shida iko wapi?

Shida ni wakati hakuna chaguo, kila msichana kwa skrini amechorwa na mtu yule yule kwa macho yale yale. Xiaoyu wa Tekken 3 ni mtoto wa miaka 16 anayetaka kujengewa bustani ya michezo, na yeye pia alisimamishwa hewani pale Kaptembwo na kusemwa kama Anna. Ndio maana nilifurahia Street Fighter 6 ya 2023. Cammy, mpiganaji wa kike wa hiyo gemu, amekatwa nywele, ana jaketi na suruali ya kubana ya mazoezi, ana misuli ya mtu anayepigana kweli, na anayetaka ile nguo yake ya zamani bado iko ndani anaichagua. Hakuna kilichoondolewa kwa mtu. Mortal Kombat 11 nayo ya 2019 iliwavisha wanawake kama watu wanaoenda vitani na walitukanwa mwaka mzima, wakati hiyo gemu mtu anachomolewa uti wa mgongo na hakuna aliyelalamika kwamba damu ni nyingi.

Mwaka huo huo wa 2019, kwa Evo Japan, mashindano ya gemu za kupigana, walipandisha wanamitindo wa kike jukwaani kutangaza Dead or Alive 6 na vile walivyokua wanachezeshwa pale ikabidi matangazo ya moja kwa moja yakatwe katikati, na mkuu wa Evo akaomba radhi. Nilipoiona nilikumbuka ile leso ya mlangoni. Inaanza na mchoro, inaishia kwa mwanamke anayepumua, kila mara.

Na wasichana wanaweza hizi gemu, sitaki mtu aniambie ni za maboy. Sylvia Gathoni, yule QueenArrow, ni Mkenya na alisajiliwa na timu ya kulipwa ya XiT Gaming 2018 kwa sababu ya Tekken hii hii. Ni wangapi waliacha wakiwa 13?

Basi Jumatano tulirudi, mimi na mtoto, asubuhi kabla vijana hawajajaa. Kwa Tekken 7 unaweza kumbadilisha mhusika nguo kwa pesa za ndani ya gemu, na Nina wa hiyo anakuja na gauni la harusi lililochanika chanika. Nikampa padi nikamwambia mvishe vile unataka. Alikaa hapo karibu nusu saa. Akamtafutia suruali, jaketi, viatu vya kukanyaga mtu, nywele akajaribu tatu akarudi kwa ya kwanza. Lipstiki akaiacha. Nikamuuliza mbona hujaitoa, akasema, "Si ni yake."

Akapigwa mara nne mfululizo na kompyuta. Vijana wawili wakaingia wakasimama nyuma yetu, nikaona mabega yake yamepanda, nikasogeza kiti changu karibu na chake, nikamwambia shika mkono kwanza, usiangalie nyuma, sasa bonyeza ya kiwiko. Ikachomoka. Akashika tena.