Sonata yangu ya Asan

Gari yangu ni Hyundai Sonata ya mwaka 2016, rangi ya fedha, injini ya lita 2.4. Hapa Maskati sedani za Korea zimejaa barabarani, kwa hiyo kuwa nayo si jambo la kumshangaza mtu. Kazi ilikuwa kuipata ile hasa niliyoitaka: iliyoundwa Korea kwenyewe, ikaletwa Ghuba ikiwa mpya, na haijapata kupinduka wala kuzama maji. Nilihangaika nayo miezi mitatu.

Mapenzi haya niliyakuta nyumbani. Marehemu baba alikuwa na Elantra nyeupe ya 1994. Asubuhi ilitupeleka skuli, na Ijumaa ilitupeleka Quriyat kununua samaki, watoto wanne tumebanana nyuma na ndoo ya barafu miguuni. Baba alikuwa akiifuta dashibodi kwa kitambaa chake cha mfukoni kila akizima injini. Nami hadi leo nafanya hivyo hivyo.

Lakini katika ukoo wetu baba alikuwa peke yake. Wazee wengine waliorudi Oman kutoka Unguja miaka ya sabini ni watu wa Toyota, tena watu wa Toyota kwelikweli. Ami yangu, tangu nipate akili, namjua na Camry. Siku nilipomwambia natafuta Sonata, aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Mwanangu, gari ya Korea ukishaichoka utamuuzia nani?"

"Ami, mimi sinunui ili niuze. Nanunua ili nipande."

Akasema haya, Mungu akujaalie, ila nisije kumwamsha usiku nimekwama njiani.

Nieleze kinachonivuta. Kwanza ni kukaa chini. Kwenye sedani unakaa karibu na barabara, ukikata kona gari inakwenda pamoja nawe, haikuyumbishi kama hizi gari za kwenda juu ambazo siku hizi kila mtu anazitaka. Halafu nyuma pana nafasi: mama yangu ana maumivu ya goti, na kwenye Sonata anaunyoosha mguu wake vizuri, tena kiyoyozi kina matundu yake huko huko nyuma. Mwezi wa Juni, joto likipita digrii 45, tundu lile lina thamani kuliko redio.

Na napenda asili ya kampuni yenyewe. Chung Ju-yung, aliyeianzisha mwaka 1967, alishawahi kuwa na gereji ya kutengeneza magari Seoul huko nyuma, mwaka 1940. Gari yao ya kwanza waliyoibuni wenyewe, Pony, ilianza kuundwa 1975. Umbo walichorewa na Mtaliano, Giorgetto Giugiaro, na injini ilikuwa ya Mitsubishi. Injini yao wenyewe hawakuwa nayo mpaka 1991. Yaani Elantra ya baba iliundwa miaka mitatu tu baada ya hapo. Nikiwaza hivyo namwona mtu anayejifunza ufundi hatua kwa hatua, bila kuona haya kuazima asichokuwa nacho bado.

Sasa kuhusu kuitafuta. Shida ya soko letu ni kwamba magari mengi yaliyopata ajali Marekani hununuliwa kwenye minada kule, yakaletwa Ghuba kwa meli, yakanyooshwa na kupakwa rangi, kisha yakauzwa kama kwamba hayajaguswa. Sisemi kiwanda cha Hyundai kilichoko Alabama, Marekani, kinaunda vibaya, la hasha. Nasema ile iliyofika hapa kutoka huko, mara nyingi imefika kwa sababu.

Kilichoniokoa ni namba ya chesisi. Ina herufi na tarakimu 17, na utaiona chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na kwenye mulkia, kadi ya usajili wa gari, pia. Herufi ya kwanza inakwambia nchi, na K ni Korea. Ikianza na KMH, hiyo ni gari ndogo ya Hyundai iliyotoka Korea. Ikianza na 5NP, ni ya Marekani. Ya kumi ni mwaka wa modeli: F ni 2015, G ni 2016, H ni 2017. Ya kumi na moja ni kiwanda: U ni Ulsan na A ni Asan, vyote viko Korea, na H ni Montgomery, Alabama. Niliandika haya kwenye karatasi nikaiweka kwenye pochi, na sikumpa muuzaji yeyote salamu ya pili kabla ya kuinama kusoma kioo.

Ya kwanza niliiona Wadi Kabir, inang'aa, bei chini mno. Muuzaji akaapa ni ya Ghuba, mwenyewe alikuwa daktari. Namba ilianza na 5NP. Nikauvuta mkanda wa usalama wa kiti cha nyuma mpaka mwisho, na kule mwisho, ambako mkono wa mwosha gari haufiki, palikuwa na alama ya tope lililokauka: dalili ya gari iliyozama maji. Nikamrudishia ufunguo.

Ya pili, huko Mabela, ilikuwa KMH. Nikafurahi mapema. Fundi niliyekwenda naye akafungua boneti akanionyesha boliti za bawa la mbele: rangi imechubuka, zimeshafunguliwa. Akapitisha kipimo chake cha unene wa rangi, rangi ya mlango wa kulia ikawa nene maradufu ya wa kushoto, yaani umepakwa upya. Siku ile nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, na kwa wiki mbili nilianza kuziangalia Camry.

Ya tatu ilikuwa Nizwa, kwa mwalimu mstaafu aliyeinunua mpya. Namba: KMH, ya kumi G, ya kumi na moja A. Kilomita 118,000, na risiti za sevisi zote ndani ya bahasha moja, zimepangwa kwa tarehe. Tulikunywa kahawa, tukala tende, tukakubaliana riali 2,350. Aliposhika bahasha kunikabidhi, aliishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Nilimwelewa kabisa.

Kuitunza ni rahisi ukikataa ubahili wa kijinga. Giaboksi yake inataka oili ya aina ya SP-IV. Gereji moja ilitaka kunitilia ya kawaida "inayofaa magari yote", nikaikataa, nikaifuata yenyewe dukani. Rejeta sitii maji ya bomba. Tairi nasoma zile tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na kwa joto letu tairi kuukuu siiamini hata ikiwa na meno mazuri. Kichujio cha kiyoyozi kiko nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, nakitoa kwa mkono bila spana. Mara ya kwanza kilitoka na vumbi la kutosha kujaza kikombe.

Agosti iliyopita ami alitaka kuona mvua za Salalah, na Camry yake ilikuwa gereji. Nikamwambia twende na yangu. Ni kilomita kama 1,000: Nizwa, Adam, halafu jangwa tupu mpaka Haima, jangwa tena mpaka Thumrait. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, tangi la lita 70 limejaa. Kufika Haima, karibu nusu ya njia, nilipiga hesabu: lita 7.6 kwa kila kilomita mia, kiyoyozi hakikuzimwa hata dakika moja. Ami aliiangalia sindano ya joto la injini mara nyingi kuliko mimi. Ilisimama pale pale katikati. Baada ya Haima alilala, mpaka nikapunguza mwendo kuwapisha ngamia wawili, akafungua macho, akauliza tumefika wapi, akalala tena.

Baada ya Thumrait barabara inashuka milimani, na ghafla jangwa linageuka ukungu na kijani. Hapo nilisogeza gia upande wa kubadilisha kwa mkono, nikashuka kwa gia ndogo ili breki zisichemke. Chini tukasimama kwenye vibanda vya madafu. Ami akanywa mawili, akasema yanafanana na ya Bumbwini, kisha akaizunguka gari taratibu akigusa kila tairi kwa kiganja.

Hakusema kitu kuhusu gari, wala mimi sikumwuliza. Ila wiki iliyopita saa nne usiku alinitumia picha ya kioo cha mbele. Mume wa binti yake amepata Sonata ya 2017 na anataka kulipa kesho asubuhi. Nikaikuza picha: 5NP. Nikampigia ami hapo hapo kumwambia wasitoe pesa, na kwamba kesho nitakwenda nao, niuvute mkanda wa nyuma kwanza.