Waimbaji walirudi shambani

Bwana asifiwe wandugu. Hii wiki roho yangu haikutulia kabisa. Ndugu yetu anayetupigiaga kinanda kila Jumapili amelala hospitali, familia haina pesa ya dawa, na mimi ndiye nilitumwa kwenye grupu ya WhatsApp kuomba michango. Watu wakaandika Amina, Amina, Mungu amponye, mistari mingi sana, lakini pesa iliyoingia haikufika hata nusu ya fakture ya kwanza ya hospitali. Usiku sikulala, nikafungua Biblia, nikaangukia Nehemia 13.

Munaikumbuka ile habari. Nehemia, yule aliyejenga tena ukuta wa Yerusalemu, alikuwa amerudi kwa mfalme, alipofika tena Yerusalemu akakuta Tobia, adui yake, amepewa chumba kikubwa ndani ya hekalu, kile cha kuwekea zaka, na mstari wa 10 unasema Walawi na waimbaji hawakupewa sehemu yao, ndiyo maana kila mtu akakimbilia shamba lake. Sasa angalieni Nehemia aligombeza nani. Waimbaji hakuwaambia neno, hakusema wamepoa kiroho au wanapenda pesa. Alienda kwa wakubwa akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa.

Wandugu, hilo swali ni letu. Mwimbaji akikosa repetisyo, yaani mazoezi, mara mbili tunasema amerudi nyuma, shetani amemteka, kumbe ameenda kubeba mizigo ili watoto wale. Fundi wa sono, yaani wa vyombo vya sauti, anafika kabla yetu wote, anavuta kamba, anabeba bafle mgongoni, anatoka wa mwisho, na tunampa transpor na "Mungu akubariki". Tunapenda kuwaambia mulipewa bure toeni bure, Mathayo 10:8, lakini tunafunga Biblia mbele ya mstari wa 10 ambapo Yesu mwenyewe anasema mtenda kazi anastahili posho lake. Na hapa Goma tunajua vizuri hali ilivyo. Wengi wao walikuwa wanaishi na harusi, konsere na studio, halafu Januari 2025 vita ikaingia mjini, banki zikafungwa, na mtu ambaye hata zamani hakuwa na mshahara wala asiransi (bima) akabaki mikono mitupu. Wengine walikuwa bado hawajasimama vizuri tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021.

Niseme na hili, munisamehe kama linauma: huyu ndugu akifa leo, kesho pesa ya sanduku itapatikana. Viti vitakuja, sono itakuja, kwaya zote zitakuja kuimba kwenye matanga, tutashona hata sare. Hiyo pesa iko, wandugu! Iko kwenye mifuko yetu sasa hivi, na yeye bado anapumua. Yakobo aliandika juu ya mtu anayemwambia ndugu yake nenda ukaote moto ukashibe, bila kumpa kitu, akauliza inafaa nini? Mimi naogopa siku nitakayoulizwa hilo swali uso kwa uso.

Wenzetu mahali pengine walishaanza. Mwaka 1921, mwimbaji wa Uingereza Gervase Elwes alikufa kwa ajali ya treni kule Boston, Marekani, marafiki wakaanzisha mfuko kule Uingereza kwa ukumbusho wake, na mpaka leo unasaidia wanamuziki, sasa unaitwa Help Musicians. Marekani kuna MusiCares tangu 1989, inasaidia pesa ya nyumba na ya matibabu, na si mastaa tu, hata watu wa sono. Ila anayenigusa zaidi ni Victoria Williams, mwimbaji aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu akiwa hana asiransi. Wanamuziki wenzake wakarekodi nyimbo zake ili apate pesa ya matibabu, na kutokana na hiyo, mwaka 1993, ukazaliwa mfuko wa Sweet Relief wa kusaidia wanamuziki wengine wanaougua. Ni 2 Wakorintho 1:4 kabisa, kufariji wengine kwa ile faraja tuliyopewa.

Nehemia hakuishia kugombeza. Aliwarudisha waimbaji mahali pao, Yuda wote wakaleta zaka, na akaweka watu wanne wa kutunza ghala, kuhani, mwandishi na wengine wawili, kwa sababu walijulikana ni waaminifu. Naomba tufanye hivyo hivyo, na mmoja kati ya hao wanne awe mama. Kila mwezi, hata franka 1.000, iwekwe pembeni kabla mtu hajaugua, na anayesaidiwa jina lake lisitangazwe mbele ya kanisa, kwa sababu ya aibu watu wananyamaza mpaka wanazidiwa.

Jumapili baada ya ibada nitabaki pale karibu na jukwaa, anayekubali abaki na mimi tuchague hao watu. Na fakture ya ndugu yetu bado iko kwangu, yeyote anayeweza leo aniandikie kwa inboksi.