Nilivyokishinda Kijerumani kwa kuanzia mkiani

Kila aliyesikia najifunza Kijerumani alinipa ushauri uleule: "Tazama filamu, kitaingia chenyewe." Nina miaka arobaini na ushee, muuguzi wa Tanga, nikatii. Kilichoingia ni usingizi.

Darasani nilikaa na kijana mwenye sikio la kasuku. Sentensi akiisikia mara moja, anairudisha na lafudhi yake. Mimi neno la nane likifika, la kwanza limeshaaga. Mwalimu akaamua kuwa mimi ni mtu wa "kujifunza kwa macho", akaninunulisha kadi za rangi. Baadaye nikasoma kuwa wanasaikolojia waliochambua habari hiyo ya mitindo ya kujifunza mwaka 2008 hawakuona ushahidi wa kutosha. Hela ile ningenunulia samaki.

Shida yangu haikuwa macho wala masikio, ni ile kumbukumbu ya muda mfupi inayoshikilia sauti kwa sekunde chache. Wengine yao ni pana, yangu finyu. Na Kijerumani kinapenda kuficha kitenzi hadi mwisho: weil ich meiner Mutter gestern das Geld geschickt habe, yaani "kwa kuwa jana nilimtumia mama pesa", na kitenzi "nilituma" ndiyo hiyo geschickt habe ya mkiani. Kufika habe, mama nimeshamsahau.

Basi nikageuza. Nasema habe. Halafu geschickt habe. Halafu das Geld geschickt habe, narudi hivyo hivyo hadi mwanzo, kwa hiyo ulimi kila mara unaelekea mahali unapopajua. Nilifanya jikoni, nikifua, hata kwenye daladala, mpaka mama mmoja akanishika bega: "Pole mwanangu, Mungu atakuponya." Nikaitikia amina, nikaendelea.

Mtihani wa Taasisi ya Goethe, ile ya lugha ya Kijerumani, wa ngazi ya B2 (juu ya kati) una sehemu nne, kila moja unapita kwa alama 60 kati ya 100, na ukianguka moja unairudia hiyo tu. Hili sikuambiwa na mtu! Kusikiliza kuliniangusha enzi za filamu. Baada ya mkia nikapita. Ada ilikula laki kadhaa, sikuhesabu.

Na der, die, das, vile vijineno vitatu vinavyoonyesha jinsia ya nomino? Aliyekulia kwenye ngeli hatishwi na tatu. Mpangilio nauona upesi: nomino zenye kiambishi cha mwisho -ung, -heit au -keit ni die, zenye -chen ni das. Kasuku wetu anaongea kama maji lakini hapo anachanganya bado. Jioni anakuja nimfundishe, namtoza chai na chapati mbili.