Feri ilizama asubuhi

Kazi yangu kwenye lile tamasha ilikuwa fomu. Wenzangu wanaimba, wanapaka poda, wanagombania maiki, mimi nimepewa rundo la karatasi na kalamu za bei rahisi nisimame mlangoni, watu wakitoka niwaombe maoni. Ilikuwa 2016 mwezi wa nane, kusi inavuma mpaka bango tulilofunga nje lilikuwa linajipigia makofi lenyewe hata watu hawajaingia.

Tamasha lenyewe halikuwa kubwa. Michezo minne mipya ya kuimba, na nikisema ya kuimba simaanishi ule mchezo wa kuigiza ambao katikati wanatia wimbo ili watu wapumzike, la, hapa wimbo ndio unaosukuma hadithi, mtu akishindwa kusema basi anaimba. Kila mchezo ungeonyeshwa mara mbili, na katikati hapo waandishi warekebishe kulingana na vile watu wamesema, ndio maana ya zile fomu. Dairekta wetu alikuwa na kisa kimoja alikipenda sana, alitusimulia nadhani mara sita. 1962 kule Marekani kulikuwa na mchezo wa kuchekesha unaitwa A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, nyimbo za Stephen Sondheim, wakaujaribu Washington kabla ya kuupeleka New York, watu hawakucheka. Akaitwa Jerome Robbins, dairekta na mtunzi wa dansi, aje aangalie, akawaambia tatizo ni wimbo wa kufungulia, hauwaambii watu kwamba wamekuja kucheka. Sondheim akatunga mwengine, mchezo ukaingia Broadway ukaonyeshwa mara 964. "Wimbo mmoja," dairekta anasema huku ameinua kidole, "wimbo mmoja jamani!" Sisi twaitikia ndio ndio, na kila mtu moyoni anajua kwamba huo wimbo mmoja mbovu ni wa mwenzake.

Na mimi nilikuwa na wangu. Mashairi ya mchezo wa tatu niliyatunga mimi, ila jina langu halikutoka kwenye karatasi ya programu manake nilijiunga mwisho mwisho wakati ishachapishwa. Iliniuma siku hiyo. Baadaye nilishukuru, utaona.

Usiku wa kwanza ulikuwa mchezo wa harusi, mama mkwe na mkaza mwana, yale mambo. Mpaka msichana anayecheza mkaza mwana akaanza ule wimbo wa kumpiga vijembe mama mkwe, weee, kina mama wa safu ya mbele waliinuka na noti zao wakapanda kutuza kama wako kwenye taarab ya Kibokoni, Mji wa Kale hapa Mombasa, mmoja akambandika mia kwenye kipaji cha uso. Maskini yule msichana alikuwa amefunzwa kila kitu cha stejini, pa kusimama, pa kugeuka, pa kuvuta pumzi, lakini hakuna aliyemwambia afanye nini akibandikwa noti, akasita, kinanda kikaenda mbele bila yeye, ubeti mzima ukapotea. Dairekta alikuwa nyuma amekunja uso ati watu wanamvurugia shoo. Mimi hadi leo nasema hayo ndiyo yalikuwa maoni. Mtu ametoa mia yake kwenye kibeti mbele za watu, sasa wamtaka akujazie fomu pia?

Usiku wa pili ulikuwa wa Mekatilili wa Menza, na huo ndio uliniletea matata mlangoni. Walikuwa wameweka kifudu, ngoma ambayo Mekatilili mwenyewe aliitumia 1913 kukusanya Wagiriama wawakatae Waingereza, sasa vijana wetu wakaichangamsha, wakaitia kiuno, ukumbi ukapiga mbinja. Mzee mmoja alipotoka nikampa fomu akaikataa. Akasema kifudu ni ngoma ya matanga, nyinyi mumeicheza kama chakacha, Mekatilili alicheza kwa uchungu. Nikamwambia babu tafadhali niandikie hapa hapa. Akanijibu, "Nakwambia wewe uliye na maskio, hiyo karatasi ina maskio?" Akaenda zake.

Usiku nikirudi nyumbani nakaa sakafuni nahesabu fomu. Wallahi watu ni wastaarabu mno wakipewa kalamu. Nzuri sana. Nzuri sana. Nzuri, Mungu awabariki. Feni ya tatu haizunguki. Naomba namba ya yule wa gauni jekundu. Nzuri sana. Kulikuwa na swali kabisa limeandikwa WAPI ULICHOKA na nusu ya watu wamejibu "sikuchoka", na mimi niliwaona kwa macho yangu wamelala vichwa vimening'inia.

Basi usiku wa tatu ukawa wangu. Mchezo ulikuwa wa feri ya Mtongwe. Kama wewe si wa Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, siku ya Ijumaa, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kuliko uwezo wake, wakafa watu 272. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka minne nalelewa Kisauni, mambo ya Mtongwe niliyapata kwa kusikia tu, wakubwa wakiongea halafu wakituona wananyamaza. Kwa hivyo nilipoambiwa nitunge wimbo wa mke anayemngoja mumewe nikajitungia vile ninavyoona mimi, nikatia giza, nikatia mwezi, nikatia mawimbi ya usiku wa manane. Giza ni tamu kwa mtunzi mvivu, ukilitia tu kila mtu ana huzuni. Kibwagizo kilikuwa hivi: "Nakungoja gizani, feri haijarudi bado."

Dada aliyeuimba aliuimba vizuri, siwezi kumlaumu kwa lolote. Watu wakapiga makofi, nikatokwa na jasho la furaha kule mlangoni, na fomu siku hiyo zilikuwa 63 na kati ya hizo 41 zilisema nzuri sana, nilizihesabu mara mbili.

Halafu nikaenda kula. Nje ya geti kulikuwa na mama wa viazi karai, taa yake ya chaji imefungwa kwenye mti, karai linachemka, na pale ndipo watazamaji walikuwa wanapitia kabla ya kutafuta tuktuk. Na mazungumzo ya pale yalikuwa mazungumzo mengine kabisa! Yule aliyeniandikia "nzuri" dakika kumi zilizopita alikuwa anamwambia mwenzake kwamba yule polisi wa kwenye mchezo alikuwa anaongea kama anasoma sanduku la dawa. Mwengine anasema spika ya kushoto ilikuwa inakoroma. Nikasimama kwenye foleni kimya, fomu nimezikumbatia kifuani.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa buibui la zamani, lile la kukamata kwa mkono, sahani yake ya viazi ameishikilia karibu na mdomo, anakula polepole anapuliza. Akanigeukia.

"Wewe si ndiwe wa makaratasi?"

"Ndio bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nambia, ule wimbo wa feri umetungwa na nani?"

Na hapa ndipo niliposhukuru lile jina langu kutochapishwa. Nikamwambia sijui bibi, mimi ni wa fomu tu.

"Basi huyo aliyetunga hakuzaliwa. Feri ilizama asubuhi. Watu wanakwenda kazini, kila mtu na kitu chake mkononi, jua lishatoka. Yeye amewazamisha usiku." Akachovya kiazi kwenye ukwaju. "Mimi nilikuwa nikikaa Mtongwe. Hakukuwa na mwezi wala nini, kulikuwa na jua, jua kali, na watu wamejaa kivukoni kutwa nzima wakingoja kuitwa majina. Jirani yangu mlango wa pili alirudishiwa kofia. Kofia, basi."

Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, kama anakwambia bei ya muhogo. Mimi nikaangalia karai.

"Na jengine," akasema, "hajui kuhesabu." Akaweka sahani juu ya meza, akanyoosha vidole vyake, vina hina ya zamani imebaki kwenye kucha tu, akaanza kunihesabia ule mstari wangu mmoja mmoja. Na-ku-ngo-ja gi-za-ni, saba. Fe-ri ha-i-ja-ru-di ba-do, tisa. "Saba na tisa! Mguu mmoja mfupi, mmoja mrefu, utatembea vipi? Ndio maana yule mtoto alikuwa akikimbiza maneno." Na kweli, nilikumbuka wiki nzima ya mazoezi dada yule alikuwa akilalamika pale mahali, anasema pumzi haimtoshi, na mimi nikamwambia afanye mazoezi ya pumzi. Astaghfirullah.

Akanyamaza akitafuna, macho kwenye taa. Halafu akaanza kwa sauti ya chini, si kuimba hasa, ile ya mtu anayepima nguo:

"Nimekaa kivukoni, hata jua likazama."

Nikahesabu kwa vidole nyuma ya zile fomu. Nane. Nane.

"Wa pili atafute mwenyewe, yeye ndiye mtunzi," akasema huku anapangusa mikono. "Ukimuona mwambie. Nadhani atakuwa kijana wa rika lako hivi, mwenye shati kama hilo." Akavuta buibui lake akaondoka kuelekea kwenye tuktuk, hata chenji yake hakungoja, mama wa viazi akamwita hakugeuka.

Sikulala. Mstari wa pili ulikuja alfajiri, wakati wa adhana, na sioni hata kama ni wangu manake nusu yake ni ile kofia:

"Kofia i mkononi, mwenye nayo wapi mama."

Saa mbili asubuhi nikampigia dairekta. Akaniuliza fomu zinasemaje, nikamwambia zinasema nzuri sana. Sasa shida iko wapi? Nikamwambia shida ni bibi mmoja wa viazi karai. Kukawa kimya kwenye simu. Nikamkumbushia 1962, nikamkumbushia Washington, nikamwambia wimbo mmoja jamani. Alikasirika kidogo, hakuna anayependa kurudishiwa hadithi yake, lakini nilipomwambia kuhusu asubuhi na usiku akaniuliza mara mbili, "Kwani ilikuwa asubuhi?" Na yeye ametoka bara, hakujua. Sote tulikuwa tumekaa wiki sita na huu mchezo na hakuna hata mmoja aliyevuka kwenda Mtongwe kuuliza.

Basi siku hiyo ilikuwa ni mbio tu. Taa ya buluu ya mwezi ikatolewa, fundi akatukana, ikawekwa ile ya manjano kali inayochoma macho. Dada akapewa mashairi mapya saa tano, akayaimba mara moja tu, akafika mwisho wa mstari akasimama akaniangalia. "Hapa pumzi inatosha," akasema. Hakuniuliza kitu chengine.

Usiku ule wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa mlangoni nimeshikilia pazia, nikadhani tumeharibu. Watu wamekaa tu. Kuna mwanamume mmoja wa safu za nyuma aliinuka akatoka nje akanipita bila kuniangalia, na baada ya muda akarudi akakaa palepale. Mchezo ukaendelea.

Fomu? Zilikuwa chache kuliko jana. Nzuri sana zilishuka mpaka 19. Nyingi hazikuandikwa chochote, mtu amejaza mtaa wake na umri wake halafu basi, na dairekta alizipekua zile fomu usiku kucha anajaribu kuelewa kama hiyo ni habari njema au mbaya.

Mimi nilikuwa nishatoka zamani, nimeenda moja kwa moja kwenye viazi. Nikanunua sahani nzima nisiyoihitaji nikasimama pale nikitega maskio. Hakuna aliyeongelea wimbo. Walikuwa wanabishana kama tiketi ilistahili bei ile, na vijana wawili bado walikuwa na mambo ya kifudu ya juzi. Nikamuuliza mama wa viazi kama yule bibi amekuja leo.

"Bibi gani? Hapa mabibi ni wengi."

Yule wa buibui la kukamata, nikamwambia, aliyeacha chenji.

"Ah, yule. Chenji yake ninayo," akasema, akaigonga ile mfuko ya aproni yake. "Wewe, pilipili nikutilie au ukwaju mtupu?"