Pini ya ushungi

Jana mama mdogo alikuja kulala kwangu huku flat mpya, adhuhuri ikaingia akauliza kibla kiko wapi. Mimi bado nafikiria, yeye kashatoa simu, kafungua ile app ya kibla, mshale ukaelekea jikoni. Akageuka kidogo, mshale ukaenda chooni. "Astaghfirullah, simu hii imeingiwa na nini?" Kuiangalia, kumbe ni kava, zile za kufunga kama kitabu, ina kisumaku pembeni. Nikaivua, nikamwambia izungushe hewani kama unaandika nane, mshale ukatulia. Na sisi wa Mombasa hatuna shida kubwa, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, wazee wakisema kibla mara nyingine wanamaanisha kaskazini tu.

Akaswali. Mimi nikabaki na ile kava mkononi, nikarudi Lapland, kaskazini mwa Ufini, bila nauli.

Habari za baridi ya Ufini nishawachosha nazo, naziruka. Na kituo chenyewe sikitaji. Nilichokuwa nafanya, kwa wanaoniulizaga mpaka leo, ni kupima usumaku wa dunia. Kule ni nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 50,000 na kitu, hapa Pwani ni kama 33,000, na sindano ya dira ukiiachia inataka kuchimba chini badala ya kuangalia mbele. Kichekesho ni kwamba nilienda kaskazini mpaka kibla kikawa kusini. Ila sidhani kama kuna mtu amewahi kuwa na kibla cha uhakika kama changu, manake kazi yenyewe ilikuwa kujua pembe mpaka sehemu ndogo za digrii.

Mashine zipo, zinarekodi zenyewe usiku na mchana, lakini zinajua kupanda na kushuka tu, hazijui zimeanzia wapi. Ni kama mizani ambayo haijasawazishwa. Kwa hiyo kila wiki lazima binadamu aingie kwenye kibanda apime kwa mkono. Kibanda cha mbao, misumari ya shaba, hakuna chuma hata kidogo. Mlangoni kuna sanduku, unaacha funguo, simu, saa, mkanda, sarafu, na viatu kama vina chuma kwenye soli. Ndani kuna nguzo, juu ya nguzo kuna theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, isiyo na chuma, darubini yake imebebeshwa sensa, yaani kihisio cha sumaku. Unazungusha pole pole mpaka sensa isome sifuri, unasoma pembe, unapindua darubini, unarudia, halafu unachungulia dirishani kutafuta alama iliyo mbali ambayo mwelekeo wake unajulikana. Ukimaliza mgongo unauma na vidole huvisikii.

Nani anajali? Nilijiuliza sana swali hilo. Ila tarehe 30 Oktoba 2003 dhoruba ya jua ilizima umeme Malmö kule Sweden, na 1989 Quebec nzima ilikaa gizani masaa 9, na mikondo ya umeme inayofanya hivo inapita juu ya vichwa vya watu wa kule, ndo maana lazima kuwe na mtu anapima pale pale. Halafu ncha yenyewe ya sumaku, ile ya kaskazini, haitulii. 1831 walipoifikia mara ya kwanza ilikuwa Kanada, sa hii inaelekea Siberia, na ilikimbia mpaka Februari 2019 ramani ya dunia ya usumaku ikabidi irekebishwe kabla ya muda wake. Ramani hiyo hiyo ndo iko ndani ya simu ya mama mdogo.

Sasa. Mzee niliyefanya naye kazi aliumwa mgongo, nikapima peke yangu wiki tatu. Namba zangu zikawa zimeruka, nanotesla 6, 7. Utasema 7 kati ya 50,000 ni nini, lakini pale watu wanatafuta moja. Mzee aliporudi akasema labda barafu imesukuma nguzo, twende wote.

Nje ilikuwa chini ya sifuri 31. Yeye akakaa mbali kidogo na kile kisanduku kinachoonyesha namba, daftari mapajani, mimi nikainamia darubini. Akasema namba. Nikainuka kupumua, akasema namba nyingine. Nikainama, ile ya kwanza ikarudi. Nikainuka. Nikainama. Hakuna aliyesema kitu. Nasikia penseli yake imesimama. Nikageuka nikamwona anaangalia dirishani, shingo imekuwa nyekundu, na dirishani hakuna kitu, ni giza na theluji. Akauliza kwa upole, "Mkanda?" Hapana. "Viatu?" Hapana. Akakohoa. Akafungua mdomo, akaufunga. Yule mzee angekaa pale mpaka majira ya joto kabla hajamuuliza mwanamke ana nini chini ya kofia.

Ndo nikajigusa juu ya sikio la kulia. Pini. Pini ya chuma ya Marikiti, chini ya kofia ya sufu, imebana ushungi wangu tangu asubuhi, na asubuhi zote zile tatu, na kila nikiinama inasogea karibu na sensa kama kidole cha mtoto.

Nikatoka nje, nikavua kofia, nikaichomoa kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikaiweka sandukuni juu ya funguo zake. Niliporudi ushungi nimeukunja tu shingoni. Nikainama, nikainuka, namba ikakaa pale pale. Mzee akasema "hyvä", yaani vizuri, akaandika mstari mmoja kwenye daftari, kwa Kifini. Vipimo vya wiki tatu vikatupwa, tukapima upya.

Ule mstari sijui unasema nini. Daftari lilikaa rafuni miezi yote niliyobaki pale na ningeweza kuuliza, hata kunakili nikatafsiriwe. Mara nadhani aliandika "mwangalizi alikuwa na chuma", mara nadhani aliandika barafu. Sijui hata ningependa ipi.

Mama mdogo kamaliza kuswali, anataka kutoka kwenda dukani. "Nipe pini moja hapo."

"Sina."

"Nyumba nzima?"

"Nyumba nzima."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, "Mwanamke wa Kiswahili huyu," akafunga ushungi kwa fundo, akatoka.