Usimkatishe kwenye "laa": namna ya kumfundisha mtu shahada

Mtu anayesilimu msikitini hapa Bukavu kwa kawaida hutamkishwa shahada, yaani "nashuhudia kwamba hapana mungu ila Allah, na nashuhudia kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah", kwa Kiarabu, kipande kwa kipande: shehe anatangulia, yeye anafuata. Njia ni nzuri, ila pana mahali pa kuteleza. Shehe akisema "laa ilaaha" kisha akanyamaza kumsubiri, yule mtu naye atakuwa amesema "hapana mungu" na kunyamaza. Hakuna atakayemhesabia kosa, maana nia yake inajulikana na maneno yanakamilika punde. Lakini kwa nini aingie katika dini kwa kusimama katikati ya ukanushaji? Mkatie hivi: "Ash-hadu", apumue. "Allaa ilaaha illa-llaah", pumzi moja. "Wa ash-hadu", apumue. "Anna Muhammadar-rasuulu-llaah", pumzi moja. Vipande vinne, basi.

Kitabuni imeandikwa "an laa", lakini nuni (n) humezwa na lamu (l) inayofuata, ndiyo maana unasikia "allaa". Vivyo hivyo "Muhammadan" mbele ya "rasuul" inakuwa "Muhammadar". Kosa linalosikika sana, hata kwa waadhini wenye sauti nzuri, ni kusema "rasuula-llaah" badala ya "rasuulu-llaah". Irabu moja tu, lakini sentensi inabaki inaning'inia: "kwamba Muhammad, Mtume wa Allah..." halafu je? Habari yenyewe haijatolewa. Mwadhini arekebishwe. Anayesilimu leo aachwe kwanza: ulimi uliokulia Walungu au Mwenga hautoi ile "h" nzito ya Muhammad siku ya kwanza, na shahada yake haiharibiki kwa hilo. Asiyeweza kabisa Kiarabu ashuhudie kwa Kiswahili au Kishi, lugha ya huku, ajifunze polepole. Bubu ataashiria.

Linalostahili dakika zako zaidi ni maana. Kiswahili kimetusaidia hapa, maana neno shahada ni ndugu wa shahidi, ushahidi na kushuhudia. Shahidi asiyejua anachokishuhudia, hakimu gani atampokea? Na anayejua kwa ulimi huku moyo unakataa ni mbaya zaidi. Sura ya 63 ya Qurani inafunguliwa na wanafiki waliokuja kwa Mtume wakisema wanashuhudia kuwa yeye ni Mtume wa Allah. Maneno yao yalikuwa kweli tupu, na bado Allah akashuhudia kwamba wao ni waongo.

Wengi hutafsiri sehemu ya kwanza kana kwamba inasema "hapana Muumba ila Allah". Ni kweli, lakini siyo shahada. Makureshi waliompiga vita Mtume walikuwa wakikiri kwamba mbingu na ardhi zimeumbwa na Allah. Soma sura ya 29, aya ya 61, na sura ya 31, aya ya 25. Mshi wa zamani naye alimjua Nyamuzinda kuwa Muumba kabla hajasikia adhana. Kinachoshuhudiwa ni kwamba hapana anayestahili kuabudiwa kwa haki ila Allah: dua, kuchinja, nadhiri, tegemeo la moyo, vyote kwake. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu kwa upole, kabla au baada ya kutamka, ni la nyumbani kwake. Kuna fetishi iliyofukiwa mlangoni mwa butiki ili wateja waje? Kuna kinga aliyofungiwa mtoto kiunoni? "Laa" inaanza na hivyo. Neno linaondoa kwanza, ndipo linathibitisha. Mpangilio huo haukuja kwa bahati.

Sehemu ya pili ina pande mbili. Katika tahiyatu, dua ya kikao cha sala, tunasema Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Mja, basi haabudiwi. Mtume, basi hakadhibishwi wala hapuuzwi.

Maelezo yote hayo yasiwe sababu ya kumchelewesha. Aliyesema "nataka kusilimu" atamkishwe papo hapo. Kumwambia asubiri Ijumaa, au aende kuoga kwanza, ni kosa kubwa, kwani nani amempa dhamana ya kufika Ijumaa? Shahada kwanza, josho baadaye. Kwa madhehebu ya Shafi, josho ni wajibu kwake kama alikuwa na janaba, yaani hali inayotokana na tendo la ndoa au kutokwa na manii, na kwa mtu mzima aliyeoa hilo ndilo la kawaida. Vinginevyo ni sunna. Mashahidi wawili si sharti la shahada kuwa sahihi. Wanaitwa ili jamii imjue, kwa sababu ya ndoa, mirathi na maziko. Jina si lazima libadilike, labda liwe na maana mbaya. Sala na saumu za miaka iliyopita halipi. Madeni ya watu analipa yote, na hapa mwambieni wazi, kwani wapo wanaodhani yamefutika pamoja na dhambi.

Kuhusu ndoa lazima tuseme. Katika mji wenye Wakristo wengi kama huu, msichana hubanwa asilimu kabla mahari hayajapokelewa. Sura ya 5, aya ya 5, inamruhusu Mwislamu mwanamume kumwoa mwanamke safi wa Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, akiwa katika dini yake. Anayemlazimisha anamtengenezea ushahidi wa uongo kwa mkono wake mwenyewe, na sura ya 2, aya ya 256, imekwisha kataza kulazimisha katika dini.

Akishaingia, atalirudia neno hili maisha yote. Hesabu tahiyatu za sala za faradhi: alfajiri moja, nyingine nne mbilimbili, jumla 9 kwa siku, bila sunna. Sisi wafuasi wa Shafi tunainua kidole cha shahada tunapofika "illa-llaah", yaani kwenye kuthibitisha.

Tazama pia herufi. "Laa ilaaha illa-llaah" ina maneno 4 na herufi 12, zote zikiwa alifu, lamu na he tu. Hakuna yenye nukta, wala inayofunga midomo. Jaribu kulisema mbele ya kioo: midomo haikutani. Mgonjwa ambaye hata maji yanamshinda bado ulimi wake unaweza kulibeba.

Ndiyo maana tumeagizwa kuwatamkisha wanaokata roho. Kaa karibu na kitanda, liseme kwa sauti ya chini asikie. Usimwamrishe "sema!", maana kwa maumivu anaweza kujibu "sitaki" au kukasirika. Usilirudie mfululizo hadi achoke. Akilitamka, nyamaza. Akisema neno jingine, hata kama ni kuomba maji, lirudie tena polepole, ili liwe la mwisho kutoka kinywani mwake.